Kijana Amefia Uwanjani: Nani Amewapima Ndugu Zake?

Kijana akianguka uwanjani na kufa, matanga hujaa maelezo. Huyu atasema ni presha, yule atalitaja jua kali, mwingine atanong'ona kwamba kuna jirani aliyemwonea kijicho tangu alipoanza kuchezea timu ya wilaya. Shangazi atakumbuka kuwa baba wa marehemu naye aliondoka hivihivi, akiwa shambani, kabla hajatimiza miaka arobaini. Watu wataguna, watasema ukoo huu una mkosi, kisha mazungumzo yatahamia kwenye maandalizi ya arobaini. Neno la shangazi lilikuwa na uzito kuliko yote yaliyosemwa pale, na limepita hivyohivyo bila mtu kulishika. Ndani ya nyumba hiyo wamekaa kaka wawili wa marehemu, na dada yake mwenye watoto watatu. Hakuna aliyewaambia wakapime moyo.

Makala haya nawaandikia ndugu hao.

Upo ugonjwa wa moyo unaopita ndani ya koo, na kwa baadhi ya watu dalili yake ya kwanza huwa ni kifo. Msuli wa moyo hunenepa kupita kiasi, hasa ukuta wa chumba cha chini cha kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwili mzima. Kwenye vyeti vya hospitali huandikwa kwa kifupi HCM. Kwa kawaida ukuta huo kwa mtu mzima hauzidi milimita 12 hivi. Ukifika 15, na hakuna presha wala vali iliyobana inayoweza kueleza unene huo, daktari huanza kuushuku. Kwa mtu ambaye mzazi au ndugu yake amekwisha kuthibitika kuwa nao, milimita 13 zinatosha.

Unene peke yake hauelezi hatari yote. Katika moyo wenye afya, chembe za msuli hulala sambamba, zikavuta pamoja upande mmoja. Kipande cha moyo wenye HCM kikitazamwa kwa hadubini, chembe zimepishana huku na huko, kama ukili uliosukwa na mtoto anayejifunza, na katikati yake kuna makovu. Umeme unaoendesha mapigo ukipita katika msuli wa namna hiyo unaweza kupotea njia na kuanza kuzunguka ovyo. Hapo moyo hutetemeka badala ya kupiga, damu haifiki kwenye ubongo, na mtu huanguka. Kwa wagonjwa wengine tatizo kubwa ni ukuta wa kati: unatuna hadi kubana njia ya damu kuelekea aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Wengine tena moyo wao hukakamaa, ukashindwa kulegea ili upokee damu, nao huishiwa pumzi wakipanda ngazi chache tu.

Ulimwengu wa soka uliuona ugonjwa huu waziwazi tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa. Cameroon ilikuwa ikicheza na Colombia katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Dakika ya 72, kiungo Marc-Vivien Foé, mwenye miaka 28, alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Madaktari walihangaika kuuamsha moyo wake, wakashindwa. Uchunguzi wa maiti ulionesha HCM. Alikuwa amecheza Ufaransa na Uingereza katika klabu zenye madaktari wao. Miaka mitatu baadaye FIFA ilianza utaratibu wa kuwapima afya wachezaji kabla ya Kombe la Dunia. Lakini mchezaji wa timu ya kata pale Kahama au Kisii bado anaingia uwanjani bila kipimo chochote, na walio wengi wako huko.

Ugonjwa wenyewe si haba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, uliopima vijana zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 23 hadi 35, ulikuta unene usio na sababu kwa takriban mtu mmoja kati ya 500. Wataalamu walipohesabu baadaye pamoja na waliobeba hitilafu ya jeni, wakakadiria huenda ni mmoja kati ya 200. Tukilichukua lile kadirio la chini na kulipeleka Tanzania, nchi iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 61 katika sensa ya 2022, tunapata watu zaidi ya laki moja na elfu ishirini. Wengi wao hawajui. Niseme mapema, kabla hofu haijatangulia: wengi kati ya wenye ugonjwa huu huishi miaka mingi, huzeeka, huona wajukuu. Wanaokufa ghafla ni wachache. Uchungu ni kwamba wachache hao mara nyingi ni vijana, na sehemu yao wangeweza kuokolewa.

Urithi ulianza kujulikana taratibu. Mwaka 1958 Donald Teare, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti wa London, alieleza mioyo ya vijana waliokufa ghafla huku ukuta wa kati wa moyo ukiwa umetuna upande mmoja. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake waliandika kuhusu familia yenye ugonjwa huohuo. Mwaka 1961 madaktari wa Kanada wakaeleza ukoo mkubwa wenye asili ya Ufaransa katika eneo la Coaticook, jimbo la Quebec, ambamo watu wa kizazi baada ya kizazi waliugua moyo na kufa ghafla. Vitabu vya parokia viliwawezesha kufuatilia nasaba hadi kwa wahamiaji wa karne ya 17.

Ukoo huohuo ndio ulioifungua siri. Christine Seidman na mumewe Jonathan Seidman, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, walishirikiana na wenzao kulinganisha damu ya ndugu wagonjwa na ya wazima. Mwaka 1989 walitangaza kuwa hitilafu iko kwenye kromosomu namba 14. Mwaka uliofuata waliipata jeni yenyewe, ile inayotengeneza mayosini, protini inayovuta nyuzi za msuli kila moyo unapopiga. Herufi moja tu ya maandishi ya urithi ilikuwa imebadilika, na kwa ajili yake kiungo kimoja cha protini, cha 403 katika mnyororo mrefu, kikawa kingine. Watu wale walibeba kosa hilo la herufi moja kwa karne kadhaa, wakazika watoto wao bila kujua kinachowaua.

Tangu hapo jeni nyingine kadhaa zimepatikana, karibu zote zikihusika na mashine ileile ya kuvuta msuli. Mbili ndizo zinazobeba sehemu kubwa: ile ya mayosini, na ya protini inayoshikamana na mayosini kuidhibiti, iliyotambuliwa mwaka 1995. Mara nyingi hitilafu hizi huufanya moyo uvute kwa nguvu kuliko inavyohitajika, upumzike kidogo, na utumie nishati nyingi kwa kazi ileile. Kanuni ya kurithi ni nyepesi kueleza. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, awe wa kike au wa kiume, na mtoto wa kwanza kuikosa hakumwongezei wa pili hatari wala hakumpunguzii.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema, wakidhani kurithi ni kuhukumiwa. Mtu anaweza kubeba hitilafu akafika miaka 70 na ukuta wa moyo wake ukiwa wa kawaida, huku mwanawe akinenepa moyo akiwa na miaka 15. Ushahidi ulionigusa kuliko wote unatoka kwa mapacha. Mwaka 2021 watafiti walichapisha habari za jozi 11 za mapacha wa kufanana wenye ugonjwa huu, waliofuatiliwa kati ya miaka mitano na kumi na minne. Mapacha hao wana vinasaba vilevile, herufi kwa herufi. Hata hivyo ndani ya jozi moja, unene wa moyo, mapigo na maendeleo ya ugonjwa vilitofautiana, pengine sana. Tofauti hiyo haiwezi kulaumiwa kwenye jeni waliyorithi. Imetoka kwenye maisha, mazingira, na yale yanayobadilika mwilini baada ya mimba kutunga.

Kuna jambo kubwa zaidi. Ukiwakusanya wagonjwa wa HCM na kuwachunguza jeni zote zinazojulikana, sehemu kubwa, mara nyingi nusu au zaidi, hawakutwi na hitilafu yoyote. Wengi wao pia hawana ndugu mgonjwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba jeni zao bado tu hazijagunduliwa. Mwaka 2021 tafiti mbili kubwa zilibadili mtazamo. Zilionesha kwamba kwa watu kama hao, tofauti ndogondogo nyingi za vinasaba, ambazo kila moja peke yake haina madhara ya kuonekana, hujumlishana na kuusukuma moyo kuelekea unene. Zikaonesha pia kuwa presha ni miongoni mwa visababishi, hasa ile namba ya chini katika kipimo, na hasa kwa wale wasio na ile hitilafu moja kubwa. Uzito mkubwa wa mwili nao umeonekana mara nyingi kwa wagonjwa, na wanene miongoni mwao huelekea kupata dalili zaidi na moyo kushindwa kazi zaidi.

Maana yake kwetu ni kubwa. Presha ya juu imetapakaa Afrika Mashariki, mijini na vijijini, na wengi hawaijui mpaka wapate kiharusi. Kwa miaka mingi daktari amefundishwa kuuliza swali la kuchagua: unene huu wa moyo ni wa presha au ni wa kurithi? Sasa inabidi akubali kwamba kwa mgonjwa mmoja vinaweza kuwa vyote viwili. Mwenye jeni asiyedhibiti presha anaukandamiza moyo ambao tayari una udhaifu. Mtu huyu hawezi kuibadili jeni aliyozaliwa nayo, lakini chumvi, uzito, pombe na dawa za presha viko mikononi mwake.

Ziko pia hali zinazonenepesha moyo bila kuwa HCM, na kuzichanganya ni kosa la hatari kwa pande zote. Presha ya muda mrefu ndiyo ya kwanza. Vali ya aota ikibana, moyo hunenepa kwa kusukuma dhidi ya mlango mwembamba. Mtoto mchanga wa mama mwenye kisukari kisichodhibitiwa anaweza kuzaliwa na ukuta wa moyo ulionenepa, kwa sababu insulini ilimjaa akiwa tumboni; kwa kawaida unene huo huyeyuka wenyewe katika miezi ya mwanzo, na mama hapaswi kuambiwa kuwa mwanawe ana ugonjwa wa maisha. Kwa wazee, protini iliyoharibika huweza kurundikana moyoni hadi ukuta uonekane mnene, ingawa msuli wenyewe haukukua. Hitilafu moja ya jeni inayoleta hali hiyo hubebwa na takriban asilimia 3 hadi 4 ya Wamarekani weusi, na asili yake ni Afrika Magharibi. Magonjwa mengine machache ya kurithi huujaza moyo mafuta au sukari, na baadhi yana tiba yake.

Halafu wako wanamichezo. Mazoezi makali ya miaka mingi huukuza moyo, na wachezaji weusi wameonekana, katika tafiti zilizofanywa Ulaya, kuwa na kuta nene zaidi na michoro ya ECG, yaani ya umeme wa moyo, yenye sura ya kutisha zaidi kuliko wenzao weupe, bila ugonjwa wowote. Kipimo kikisomwa kwa macho ya Ulaya, mkimbiaji mzima kutoka Iten anaweza kukatazwa kukimbia, riziki yake ikakatika, kwa milimita 13 ambazo ni zake kwa haki. Daktari mwenye uzoefu humpumzisha mazoezi kwa miezi michache, kisha humpima upya. Moyo wa mazoezi hupungua, na wa ugonjwa hubaki vilevile.

Kosa la namna hiyo limetokea hata kwenye jeni. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walipitia matokeo ya wagonjwa waliokuwa wameambiwa wana hitilafu za kuleta HCM. Waligundua kwamba baadhi ya hitilafu hizo zimeenea sana kwa watu weusi wazima, kiasi kwamba haziwezi kuwa chanzo cha ugonjwa. Walioambiwa kimakosa walikuwa wenye asili ya Afrika, au ambao asili yao haikutajwa. Chanzo cha kosa kilikuwa kwamba tafiti za awali zililinganisha wagonjwa na watu wenye afya wachache mno wa asili ya Afrika. Kuongezwa kwa watu weusi wachache tu kungetosha kuligundua mapema. Nasema bila kumung'unya maneno: sayansi ya urithi isiyotuhesabu sisi haiwezi kutusomea sisi. Ndiyo maana kazi ya marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, aliyeanzisha rejesta ya magonjwa ya msuli wa moyo barani Afrika, ni deni ambalo vyuo vyetu vinapaswa kulilipa kwa kuiendeleza.

Afrika Kusini tayari imeufundisha ulimwengu somo moja. Huko imefuatiliwa hitilafu katika jeni ya troponini, protini nyingine ya mashine ya kuvuta msuli, iliyorithiwa na koo kadhaa kutoka kwa mtu mmoja wa zamani. Katika koo hizo ukuta wa moyo haunenepi sana, pengine milimita zake ni za kawaida kabisa, lakini vijana wa kiume hufa ghafla. Kipimo cha picha peke yake kingewapa cheti cha afya. Na katika miji yetu ya Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala, familia zenye asili ya India na Pakistan zinapaswa kujua kwamba takriban asilimia 4 ya watu wa asili hiyo hubeba upungufu wa herufi 25 katika jeni ile ya protini inayodhibiti mayosini, unaoongeza uwezekano wa moyo kushindwa kazi, hasa umri unaposogea. Ndoa za binamu katika koo kama hizo zinaweza kumpa mtoto nakala mbili, na hapo ugonjwa huja mapema na kwa ukali.

Tiba ipo, na sehemu yake kubwa ni ya bei nafuu. Vidonge vya kutuliza mapigo, kama propranololi, atenololi na verapamili, hutolewa katika hospitali zetu nyingi na huwasaidia wagonjwa kwa miongo. Ukuta uliobana njia unaweza kupunguzwa kwa upasuaji, njia iliyoendelezwa na daktari Andrew Morrow wa Marekani, ambaye mwenyewe aliugua ugonjwa huuhuu na kufa nao mwaka 1982. Mwaka 1994 Ulrich Sigwart, akiwa London, alianza kuupunguza kwa kudunga alkoholi kwenye mshipa mdogo unaoulisha ukuta huo, bila kupasua kifua. Walio kwenye hatari ya kufa ghafla huwekewa chini ya ngozi kifaa kinachoushtua moyo unapotetemeka. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha mavakamteni, dawa ya kwanza inayolenga mayosini yenyewe na kuipunguzia nguvu. Bei yake bado iko mbali sana na mifuko yetu. Dawa nyingine za kawaida zinaweza kudhuru pale njia ya damu ilipobana, zikiwemo nifedipini ya presha na nitrati za kifua, kwa hiyo mwenye HCM amtajie daktari kila kidonge anachokunywa, wala asiache chochote kwa kujiamulia. Anywe maji ya kutosha siku za joto, na anayetaka kufunga azungumze kwanza na daktari wake.

Kuhusu mazoezi, ushauri umelegea. Zamani mgonjwa aliambiwa akae. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023, uliofuatilia watu wapatao 1,660, haukuona kwamba wanaofanya mazoezi makali walipatwa na madhara zaidi ya wasiofanya. Ruhusa hiyo haimfai aliyezimia jana akarudi uwanjani leo. Inamfaa aliyepimwa, anayefuatiliwa, na aliyekubaliana na daktari wake.

Kinachonisumbua zaidi ya ukosefu wa dawa ni siri. Nimesikia familia zikificha ugonjwa wa moyo kwa sababu kuna binti anayetafutiwa mchumba, au kijana anayesubiri kujiunga na jeshi. Naielewa hofu yao. Lakini kijana mwenye HCM asiyejua hali yake, akipelekwa kukimbia kwa kwata juani, yumo hatarini kuliko yule ambaye posa yake imechelewa mwezi mmoja. Mahari hurudishwa na posa hupelekwa kwingine. Hakuna anayestahili lawama kwa jeni aliyopewa na mababu, na watu wazima wa ukoo wanapaswa kulisema hilo kwa sauti, mbele ya vijana.

Si lazima maiti ipasuliwe. Familia nyingi, kwa imani au kwa haraka ya kuzika, hazitakubali, na hilo haliwazuii walio hai kupimwa. Wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40 hivi waende kwenye kliniki ya moyo, iwe Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza, Hospitali ya Moi mjini Eldoret, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, au hospitali ya rufaa iliyo karibu yenye bingwa. Vinavyohitajika kwanza ni viwili: ECG, na picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ile ambayo wagonjwa huiita eko. Kipimo cha jeni, pale kinapopatikana, kianze kwa mgonjwa mwenyewe. Hitilafu ikipatikana kwake ndipo ndugu wapimwe hiyohiyo, na atakayekutwa hana ataruhusiwa kuendelea na maisha yake bila kurudi kila mara. Kipimo cha jeni kisipokuwepo, eko irudiwe: watoto na vijana kila mwaka mmoja au miwili, watu wazima kila mitatu hadi mitano, kwa sababu moyo uliokuwa mwembamba darasa la tano unaweza kunenepa kidato cha pili.

Mkifika mapokezi msiseme tu kwamba mmekuja kupima presha. Mwambieni muuguzi: "Ndugu yetu alikufa ghafla akiwa mzima, na baba yake alikufa vivyo hivyo. Tunaomba kila mmoja wetu apimwe ECG na eko." Tajeni majina na umri wa kila aliyeondoka ghafla, aliyezama majini akiwa anajua kuogelea, na aliyezimia akikimbia. Shangazi aende nanyi, maana yeye ndiye anayewakumbuka wote.